Unga wa lishe unaokuwa mchungu, mahindi yanayonuka ukungu: majibu ya maswali yenu

SWALI: Nasagisha unga wa lishe wa mwanangu wa miezi tisa: mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na dagaa, kilo tano kwa mpigo. Ikifika wiki ya tatu unga unakuwa mchungu na mtoto anaukataa. Tena uji nikiukoroga mzito hamezi, nikiufanya mwepesi hashibi. Nifanyeje?
Mama, Mbagala

JIBU: Uchungu huo, mama, ni wa mafuta yaliyoharibika, na mtuhumiwa wa kwanza ni karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa ndani. Ukishaisaga yanakutana na hewa, na joto la Dar linamalizia kazi. Soya na dagaa nao wamo. Kwa hiyo mashineni peleka nafaka peke yake, unga wa kutosha wiki mbili tu, uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Karanga zichague, zikaange, zitwange kidogo kidogo, kisha tia kijiko kimoja cha chakula kwenye kila kikombe cha uji unapokaribia kuiva. Dagaa vilevile: safi, waliokaushwa vizuri, waliotolewa vichwa, wasagwe kidogo na kutiwa sufuriani.

Soya usiisage mbichi hata siku moja. Ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio dawa yake. Itose kwenye maji yanayochemka tayari, iache ichemke dakika 20 hadi 30, isugue maganda yatoke, ianike ikauke kabisa, ndipo uisage.

Na huu mtindo wa kurundika nafaka nne kwenye mfuko mmoja hauna faida unayoifikiria. Mahindi, mchele, ngano na ulezi kazi yao karibu ni ileile, yaani kutia nguvu. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachojenga mwili kitoke kwenye karanga, maharage, dagaa, yai au maziwa. Isitoshe, mtoto akiharisha utajuaje ni kipi kati ya vitu saba?

Kuhusu uzito wa uji, tumia kimea cha ulezi, yaani unga wa ulezi uliooteshwa. Osha ulezi, uloweke saa 12, mwaga maji, utandaze kwenye ungo safi na uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili, ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Vikitokea vijimizizi vyeupe, uanike juani ukauke, usugue vijimizizi vitoke, usage. Ukiona utando wa ukungu au kusikia harufu ya kuvunda, mwaga wote, usijaribu kuokoa nusu. Mtama usiutumie kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi yake yanatengeneza sayanidi.

Pika uji mzito, uipue, usubiri upoe kidogo lakini bado uwe moto, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Ndani ya dakika chache utaona unalegea wenyewe, bila kuongeza tone la maji. Vimeng'enya vya kimea vinaikata wanga. Ukikitia kimea uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya vinaungua na uji unabaki vilevile. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea ni rahisi kubeba vijidudu. Kwa umri wake, nusu kikombe cha mililita 250 kwa mlo ni kianzio kizuri.

SWALI: Nanunua mahindi Kibaigwa, nayauza na mengine nasaga. Masika haya magunia kadhaa yamenuka ukungu. Mwenzangu anasema niyaanike, niyachanganye na mazuri, eti fangasi wanakufa ugali ukiiva. Ni kweli?
Muuza nafaka, Tandale

JIBU: Fangasi wanakufa, sumu yao haifi. Sumukuvu, yaani sumu wanayoiacha fangasi hao, inastahimili joto la maji yanayochemka, na ugali hauendi mbali na hapo. Jua nalo linakausha punje tu. Ukichanganya, umechafua na yale mazuri. Mwaka 2016 karibu watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka anajiongezea hatari ya saratani ya ini. Magunia hayo yaondoe sokoni. Wala usimpelekee mfugaji: ng'ombe akila pumba zenye sumukuvu, sehemu yake inatokea kwenye maziwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Kwa jicho huwezi kuiona: punje inaweza kung'aa na bado ikawa na sumu. Ukitaka kupima, usichote gunia la juu pekee. Sumukuvu hukaa kwa mafungu, punje chache zikabeba karibu yote. Chota juu, katikati na chini ya magunia mengi, changanya, saga, ndipo upeleke maabara.

Lililo mikononi mwako ni unyevu, na mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, jaza robo yake mahindi, tia kijiko cha chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usinunue. Isipoganda bado si ushindi, maana unyevu unaweza kuwa kati ya 13.5 na 15. Anika siku moja zaidi. Magunia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu ni mizuri, mradi kila tabaka lifungwe peke yake na mahindi yawe makavu. Humo wadudu hukosa hewa. Ukitia mahindi mabichi, umejenga kiwanda cha ukungu.

Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, zichambue kabla ya kukoboa. Kazi hiyo inachosha vibarua, lakini inapunguza sumu kuliko kuanika mara kumi. Na wakulima wanaokuuzia waulizie Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini 2018: ni fangasi wa jamii ileile wasiotoa sumu, humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Wanawahi nafasi ya wale wabaya.

SWALI: Mafuta ya kupima yanayokaa kibandani kwenye chupa nyeupe bado yana vitamini A?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Tangu kanuni za mwaka 2011, mafuta ya kula yanatakiwa kuongezwa vitamini A, lakini mwanga na hewa vinaiharibu. Chupa iliyokaa juani siku nyingi usiitegemee. Nunua yaliyofungwa, yaweke kabatini, usiyarudierudie kukaangia. Na kwa kuwa uko karibu na masoko, viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini hiyo kwa wingi: vichemshe na maganda, sufuria imefunikwa, uvile na chochote chenye mafuta kidogo. Ukitaka kuvikausha, vikaushe kivulini.