Jibu: Kwa nini vocha za nyumba hazipunguzi umaskini kwenye takwimu za Marekani?
Ndugu, umeuliza kwa nini Marekani inawalipia maskini sehemu ya kodi ya pango kwa vocha, lakini kiwango rasmi cha umaskini hakionyeshi mabadiliko. Tatizo ni kipimo chenyewe. Mstari wa umaskini uliobuniwa na mchumi Mollie Orshansky miaka ya 1960 ulitokana na gharama ya chakula mara tatu, na unalinganishwa na kipato cha fedha taslimu tu. Vocha haimo. Tangu 2011 kuna kipimo cha nyongeza kinachoihesabu, soma hicho.

Lakini faida kubwa zaidi iko kwa watoto, na hapo ndipo wengi walikosea. Jaribio la Moving to Opportunity, lililoanza 1994 katika miji mitano, Chicago ikiwemo, lilitoa vocha kwa bahati nasibu ili familia zihame mitaa yenye ufukara mkubwa. Kipato cha wazazi hakikupanda, watu wakasema limeshindwa. Mwaka 2015 mchumi Raj Chetty na wenzake wakafuatilia watoto: waliohama kabla ya kufikisha umri wa miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 31 hivi kuliko wenzao wasiopewa vocha. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, kwa hiyo katika tathmini yoyote ya sera hizi tafuta kwanza umri wa kuhama.