Jibu: Nikubali sauti ya marehemu mama itengenezwe?

Dada, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama umruhusu mpwa wako achukue zile sauti za WhatsApp, atengeneze programu ya kuongea nawe kama mama. Mimi nakuomba usubiri kwanza.

Mwaka 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyefiwa na binti wa miaka 7 akikutanishwa na mfano wa mtoto huyo uliotengenezwa kwa kompyuta, anaouona kupitia miwani maalumu. Alinyoosha mkono wenye glavu ampapase mtoto, na pale mbele yake palikuwa patupu. Niliizima, nikairudia kesho yake. Mwenyewe alisema ni kama ameota ndoto aliyoitamani siku zote, na simlaumu hata kidogo. Ila ile ilikuwa mara moja, na watu wamemzunguka. Yako itakuwa kwenye simu, saa nane za usiku, uko peke yako.

Nina sauti moja ya marehemu baba, sekunde 11: anakohoa, anauliza kama gesi imeletwa. Hiyo naisikiliza. Kuulizwa naye jambo ambalo hakuwahi kuniuliza, hapana, sitaki.