Jibu: Kwa nini salamu ya mkono imekuwa kipimo cha Mwislamu Ulaya?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Mwislamu anayetii sheria zote za nchi ya Ulaya bado hutazamwa kwa shaka. Naona sehemu kubwa ya jibu imo katika adabu za kila siku, na mfano ulio wazi ni kupeana mkono kati ya mwanamume na mwanamke, jambo ambalo baadhi ya Waislamu huliepuka.

Mwaka 2016, huko Therwil, Uswisi, shule iliwaruhusu wavulana wawili Waislamu, ndugu, wasimpe mkono mwalimu wao wa kike. Mamlaka za jimbo zikaitengua ruhusa hiyo na kutangaza kwamba wazazi wangeweza kutozwa faini ya hadi faranga 5,000. Denmark, tangu 2019, imeifanya salamu hiyo kuwa sharti la kisheria la kupata uraia. Sweden ilikwenda kinyume: mwanamke aliyeomba kazi ya ukalimani huko Uppsala alipomsalimu mwanamume kwa kuweka mkono kifuani, usaili ulikatizwa, lakini mwaka 2018 mahakama ya kazi ikaamua alipwe fidia ya krona 40,000.

Mgeni hukusudia heshima na staha, ilhali mwenyeji, ambaye kwake mkono huo ni alama ya usawa wa wanawake na wanaume, huona dharau. Uchungu wa mwalimu yule siupuuzi hata kidogo. Hata hivyo, Wayahudi wengi wa madhehebu ya Orthodox, yaani wanaoshika sana sheria za dini yao, nao hujizuia vivyo hivyo, na ni nadra uaminifu wao kwa nchi kuhojiwa kwa sababu hiyo. Hapo ndipo ninapoona kwamba kinachohukumiwa ni Uislamu wa mtu kabla ya salamu yake.