Kinasa data cha ndege ya kivita: kwa nini SSD ya kawaida haitoshi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini vinasa data vya ndege za kivita visiwe SSD za kawaida (diski za chipu za flashi, zisizo na sehemu inayozunguka) zilizofungwa kwenye boksi gumu. Pili, kifaa kimoja kinawezaje kuhama ndege hii kwenda ile bila kusukwa upya. Nimefanya kazi kwenye timu inayounda vifaa hivi, upande wa elektroniki, kwa hiyo nasema nilichokishika. Na tusichanganye na kisanduku cheusi. Kile kazi yake ni kunusurika ajali. Hiki kinanasa data za rada, kamera na sensa ili zichambuliwe ndege ikishatua.

Tuanze na kasi. Ile namba kubwa inayotangazwa kwenye SSD isahau. Kamera au rada inayomwaga gigabiti 10 kwa sekunde inakuletea gigabaiti 1.25 kila sekunde, yaani terabaiti 4.5 kwa saa, na haina habari kwamba diski yako imechoka. SSD nyingi zina sehemu ndogo ya flashi inayoandikwa haraka. Ikijaa, kasi inaporomoka, halafu diski inaanza kuhamisha na kufuta bloku zake bila kukuuliza. Tuliwahi kuletewa diski moja ambayo kwenye makaratasi ilikuwa moto wa kuotea mbali. Tukaiandikia mfululizo huku tukichora grafu ya muda wa kila andiko. Mwanzoni mstari umenyooka vizuri kabisa, baadaye ikaanza miiba: mara andiko moja linakwama karibu nusu sekunde, kisha mambo yanarudi sawa kama hakuna kilichotokea. Kwenye kompyuta ya ofisini hata hushtuki. Kwa mkondo ule, nusu sekunde ni megabaiti 625 zinazotafuta pa kukaa. Ndiyo maana katikati tunaweka RAM kubwa ya akiba, na diski tunaipima kwa andiko lake baya kuliko yote. Wastani unadanganya.

Joto na umeme nipite haraka. Huko juu hewa ni nyepesi, feni haina cha kusukuma, kwa hiyo joto linatolewa kupitia chuma cha boksi lenyewe. Umeme nao, MIL-STD-704, kiwango cha kijeshi cha Marekani cha umeme wa ndege, kinakubali ukatike hadi milisekunde 50 mifumo inapohama chanzo. Kifaa cha wati 40 kinahitaji jouli 2 tu kuvuka hapo, ila kapasita za kuzibeba zinakula nafasi kuliko unavyodhani.

Sasa kubadilika, ambako ndiko kwenye utamu. Ndege nyingi bado zinatumia MIL-STD-1553, njia ya zamani ya vifaa vya ndege kupeana data, megabiti 1 kwa sekunde. Saa nzima haizidi megabaiti 450. Ndege hiyohiyo ikifungiwa sensa mpya, unakuta Etheneti ya gigabiti 10, Fibre Channel (njia nyingine ya kasi ya data) au video ya kiwango cha ndege cha ARINC 818. Ukijaribu kujenga kumbukumbu inayoelewa lugha zote hizo, umeumia. Kinachofanyika ni kumaliza tofauti zote mlangoni. Kila kadi ya kuingizia ina FPGA yake (chipu ambayo kazi yake inaweza kupangwa upya), inapokea mawimbi ya aina yake na kuyafunga kwenye pakiti za mfumo mmoja. Wengi tunafuata IRIG 106, kiwango cha kurekodi data za majaribio ya ndege, sura ya 10 (muundo wa pakiti siku hizi uko sura ya 11): pakiti inaanza na alama EB25, inafuata namba ya chaneli, ukubwa, aina ya data, na kaunta ya muda ya biti 48 inayokwenda kwa megahezi 10. Ikishavuka hapo, kumbukumbu haijali kama ni rada au sauti ya rubani. Ndege mpya ikija, unabadili kadi na faili la mipangilio, ambalo nalo linanaswa mwanzoni mwa rekodi ili mchambuzi ajue chaneli ipi ni nini.

Kama bajeti ni ndogo, mimi ningebana kwingine kote kabla ya kugusa muda. Pakiti igongwe muhuri wa muda palepale kwenye kadi data inapoingia. Ukisubiri ipite kwenye foleni kwanza, picha ya kamera na mwangwi wa rada vitapishana, na hakuna programu itakayokurekebishia hilo baadaye kwa uhakika.

Ila usimwahidi mteja kwamba kubadili kadi ni kazi ya mchana mmoja. Kadi mpya inabadilisha joto na mawimbi yanayovuja, hivyo majaribio ya MIL-STD-461 (kifaa kisivuruge vingine kwa mawimbi yake wala kuvurugwa) na ya mtikisiko huenda yakarudiwa. Usimbaji wa data na namna ya kufuta funguo kwa amri moja navyo vina idhini zake kwa kila mwenye ndege, na mara nyingi hapo ndipo ratiba inapokwama, vifaa vikiwa tayari mezani.