Nimeongeza paneli, dizeli haipungui

SWALI: Injinia, salaam. Nina kiwanda cha barafu mahali pasipo na gridi. Natumia jenereta ya dizeli ya kVA 125, yaani kilowati 100, usiku na mchana. Kompresa ni tatu, kila moja inakula kama kilowati 25. Mchana nawasha mbili, usiku moja. Nilifunga sola ya kilowati 30 bila betri, na muuzaji akaniahidi dizeli itapungua nusu. Ilipungua kama sehemu moja ya kumi tu. Fundi mwingine akaniongezea kilowati 30 nyingine. Sasa mafuta hayashuki tena, jenereta inajizima saa sita mchana, na bomba la ekzosi linatoa majimaji meusi yanayonata. Fundi anataka kuiondoa rilei inayoizima jenereta, halafu tuongeze paneli. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Rilei hiyo ndiyo kitu pekee kilichofanya kazi yake sawasawa katika mtambo wako.

Saa sita mchana paneli zako zinasukuma kilowati 45 hivi. Kompresa moja ikikata kwa sababu imefikia baridi yake, kiwandani unabaki mzigo wa kilowati 25. Zile 20 zilizozidi hazina pa kwenda ila kwenye jenereta. Altaneta, ile sehemu ya jenereta inayozalisha umeme, inageuka mota na kuanza kuizungusha injini, nayo rilei inaona umeme unarudi kinyumenyume na kukata. Ukiiondoa, gavana, kifaa kinachoipimia injini mafuta, itafunga mafuta, mzunguko utapanda, inveta, zile zinazogeuza umeme wa paneli uendane na wa jenereta, zitaona masafa (frikwensi) ya umeme yamevuka kiwango na kujitoa zote kwa mpigo mmoja. Hapo kompresa inayoendelea kufanya kazi itaiangukia injini ambayo sekunde iliyopita ilikuwa imefungiwa mafuta. Mota za kompresa hazidumu katika mchezo huo.

Sasa nije kwenye jambo ninaloulizwa kila mara, kwa maneno tofauti lakini kosa lilelile: kwamba paneli zikitoa sehemu fulani ya umeme, dizeli nayo itapungua kwa sehemu hiyohiyo. Haiko hivyo. Injini inayozunguka inakula hata kama haifanyi kazi yoyote, kwa sababu lazima ijizungushe yenyewe, izungushe feni, pampu na altaneta. Jenereta ya ukubwa wa yako hutumia takriban lita 28 kwa saa ikibeba mzigo kamili, lita 15 na nusu ikibeba nusu, na karibu lita 10 ikibeba robo. Angalia vizuri: kazi imeshuka mara nne, mafuta hayajashuka hata mara tatu. Kwa kila uniti ya jua unayoingiza, yaani kilowati moja kwa saa moja, unaokoa kama robo lita ya dizeli, au pungufu kidogo. Hapo ndipo ahadi ya muuzaji inapovunjika.

Tena imevunjika mapema kuliko unavyodhani. Yeye alilinganisha kilowati 30 za paneli na kilowati 50 za mzigo wa mchana, akakuambia "zaidi ya nusu". Lakini mafuta hayaendi kwa kilowati, yanaenda kwa uniti. Kiwanda chako kinakula uniti 900 kwa siku: 600 mchana na 300 usiku. Paneli za kilowati 30, mahali penye jua zuri, hutoa uniti 120 hadi 150. Hata kama kila uniti ingeokoa dizeli yake yote, usingefika nusu. Usingefika hata robo. Zidisha uniti 150 kwa robo lita kasoro kidogo, unapata lita 34 hivi, kati ya lita 300 unazochoma kwa siku. Ndiyo sehemu yako moja ya kumi. Paneli hazikukuangusha, zilifanya kile kinachowezekana. Aliyekuangusha ni mwenye kikokotoo.

Hayo majimaji meusi ni dizeli isiyoungua, imechanganyika na masizi na oili. Injini ya dizeli inataka joto. Watengenezaji wengi wanasema isikae muda mrefu chini ya asilimia 30 ya mzigo wake, yaani kilowati 30 kwako. Usiku ulikuwa tayari uko 25. Mchana, tangu paneli za pili zifungwe, inashuka hadi 10 au 5. Silinda zinapoa, mafuta hayaungui yote, nozeli na turbo vinajaa masizi, na dizeli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ukiendelea hivyo kuta zinalainika kama kioo, ringi hazizibi tena, na injini inaanza kula oili.

Fundi wako hakuliona hili, na nadhani najua kwa nini: aliangalia ampia. Sola yako inatoa kilowati tu. Ile nguvu ya usumaku ambayo mota zinaidai, inayopimwa kwa kVAr, imebaki yote juu ya jenereta. Kama mota zako ziko kwenye pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) ya 0.8, kabla ya sola jenereta ilisoma kama ampia 90 kwa volti 400. Leo saa sita, injini ikibeba kilowati 10 tu, inasoma kama ampia 56. Mtu anatazama 56 anasema jenereta ina kazi nzuri. Altaneta ndiyo, lakini injini inaganda. Soma kilowati.

Kwanza isafishe. Zima sola, washa kompresa moja baada ya nyingine mpaka zote tatu, upate kilowati 75, uiache ifanye kazi saa kadhaa. Panda polepole, na awepo mtu karibu na kizimamoto, maana uchafu uliojaa kwenye ekzosi unaweza kushika moto. Ikiendelea kula oili baada ya hapo, hilo ni la kufungua injini.

Pili, kabla ya kununua chochote, hamisha kazi. Wewe unatengeneza barafu! Barafu ndiyo betri yako, na chumba cha kuihifadhi unacho. Washa kompresa zote tatu mchana na uzime jenereta usiku. Mzigo wa 75 unaruhusu sola kuchukua 45 huku injini ikibaki na 30 zake, na wingu likipita injini ina nafasi ya kutosha kuupokea mzigo. Kwa hesabu yangu utashuka kutoka lita 300 hadi karibu 200, kama chumba chako kinashika baridi hadi asubuhi. Halafu funga kidhibiti kinachosoma kilowati za jenereta na kuzipunguza inveta pale injini inapokaribia 30. Hicho hakikwepeki, kwa sababu kompresa zitaendelea kukata na kuwaka zinavyotaka. Betri yenye inveta ya kujitegemea, itakayozima injini kabisa saa za jua kali, ni hatua ya baadaye. Paneli za tatu zisahau.

Wauzaji wa "ongeza paneli" wamezidi, na siku hizi wanakuja na picha za mitambo mikubwa inayochanganya jua na gesi. Ni mitambo ya kweli. Ain Beni Mathar, Moroko, una megawati takriban 470, na jua linachangia 20 tu. Kuraymat, Misri, ni megawati 140, jua 20. Waliobuni walijua mvuke wa jua unaingia kwenye tabo, yaani tabaini ya mvuke, ambayo tayari inaishi kwa joto la gesi, wakaweka kiasi ambacho mashine inaweza kumeza. Hakuna aliyemwahidi mwenye mtambo nusu ya mafuta. Hao angalau wanauza kitu kinachotoa umeme; wenzao wanauza sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, ambazo hazipunguzi hata tone.

Anayekuja kukuuzia sola ya kuunganisha na jenereta bila kufunga mita ya kilowati kwenye jenereta yako kwa wiki nzima, usiku na mchana, anakisia. Mwambie aandike kwenye mkataba vitu viwili: injini haitashuka chini ya kilowati ngapi, na ni lita ngapi zitaokolewa kwa kila uniti ya jua. Akiandika zaidi ya 0.3 kwenye hiyo ya pili, huku jenereta yako ikiendelea kuzunguka, mrudishie kalamu yake.