Bekapu kwa kudhaminiana: yaliyotukuta watu watano wa Dodoma

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna anayehifadhi mafaili yake kwenye kompyuta za watu anaofahamiana nao badala ya kulipia klaudi kwa dola kila mwezi, na kama watu hao wanaaminika. Sisi tunafanya hivyo hapa Dodoma, mwaka wa tatu sasa. Ngoja nikueleze, na aibu zake.

Nina studio ya picha na video za harusi, Majengo. Tuko watano: mimi, mwenye steshenari wa Makole, mpima ardhi, mwalimu jirani yangu, na shemeji yangu aliyeko Mpwapwa. Kila mmoja ametenga GB 500 kwenye mashine inayowaka muda wote. Jumamosi usiku nakusanya kazi za wiki zilizokwisha kuhaririwa, nazifunga kwa nywila kwenye faili moja lenye tarehe, halafu Syncthing, programu ya kunakili mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao, inalipeleka kwa watatu kati yao. Wao wanaona faili tu, bibi harusi hawamwoni. Suala la kuchungulia sikumwachia mtu, nimeliachia nywila.

Kwa nini watu tunaojuana? Ukiwategemea usiowajua, nguvu nyingi inaishia kwenye kuvizia waongo. SETI@home, mradi wa Berkeley ulioanza Mei 1999 kuazima kompyuta za watu duniani kutafuta ishara za viumbe wa mbali, ulilazimika kutuma kazi ileile kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu, maana kuna waliopika majibu ili wapande chati. Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft akaonyesha balaa kubwa zaidi: kama kujiandikisha ni bure, mtu mmoja anajifanya watu elfu. Unadhani nakala zako ziko kwa watu kumi, kumbe zote ziko chumbani kwa mmoja. Dawa mojawapo, mbinu ya watafiti iitwayo SybilGuard ya 2006, mtu wa kikoba anaielewa bila darasa: tapeli atatengeneza majina bandia hata mia, yafahamiane yenyewe kwa yenyewe, lakini kufahamiana na watu halisi hakutengenezwi kwa wingi huo. Kwetu huingii bila mdhamini, na ukiharibu, mdhamini ndiye anayepigiwa simu.

Sasa tulipoumia. Diski yangu ilikufa Jumatatu, wenye harusi wanakuja Ijumaa. Nikaenda kwa mwenye steshenari na diski tupu mkononi. Nikaikuta mashine chini ya meza, imefunikwa khanga, juu yake rimu mbili za karatasi. Vumbi la Dodoma mnalijua. Nilipitisha kidole kikatoka chekundu. Ilikuwa imezimwa miezi miwili. Luku ilikuwa inakwisha upesi, akaona haya kuniambia. Mpima ardhi naye alishaifomati ya kwake akampa mwanawe wa chuo. "Kaka, nilijua wengine wanacho," akaniambia. Akabaki shemeji, niliyemweka wa mwisho kwa sababu mtandao wake unasuasua. Alikuwa na kila kitu. Zilikuwa GB 90, kuzisubiri kwa bando lake ni kujitafutia presha, kwa hiyo akazinakili kwenye diski, akaifukia ndani ya mfuko wa karanga, akamkabidhi konda wa basi la asubuhi. Jumanne nikaupokea mfuko stendi ya Nanenane. Karanga tulizila wote studio.

Ona kwamba hakuna aliyenitapeli. Hata mimi nilikuwa naona haya: kumwambia rafiki "hebu nione mzigo wangu" ni kama kumwita mwizi. Siku hizi anayeuliza ni mashine. Kila Jumapili programu ndogo inachagua faili moja kwa bahati nasibu, inataka mashine ya kila aliyelibeba ilipigie hesabu, ambayo jibu lake halipatikani bila kuwa na faili lote, pamoja na namba mpya ya wiki ile, na majibu yanaangukia kwenye grupu la WhatsApp. Namba mpya ni ili mtu asitunze jibu akatupa faili, ingawa kwetu hakuna mwenye muda wa ujanja huo. Asiyejibu anataniwa na kundi zima, na siku hiyohiyo anawasha.

Umeme usiupuuze. Kompyuta kuukuu ya mezani ya wati 60 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 43. Nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75, hizo zinaweza kuitoa humo. Ndiyo siri ya ile khanga. Tumehamia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na diski ya nje, kama wati 10 hivi, uniti 7. Na tafuta watu wanaokaa mbalimbali. Mimi na mwalimu tuko transfoma moja, ndiyo maana mzigo wangu haumo kwake.

Kuna atakayekushauri hesabu ya Reed na Solomon ya 1960, inayotumiwa na programu kama Tahoe-LAFS: faili linakuwa vipande vitano, vyovyote vitatu vinalirudisha, na nafasi inayoliwa haifiki hata mara mbili ya faili lenyewe. Ni nzuri sana kwenye karatasi. Lakini Jumatatu ile mashine tatu kati ya tano zilikuwa zimekwenda, na vipande viwili visingenipa hata picha moja. Tumebaki na nakala nzima.

Programu ya Jumapili ni mistari kama 40 tu, kesho nikifika studio nitaiweka hapa.