Rasi ya Tumaini Jema: pangilia safari yako kwa kufuata upepo

Wageni wengi wanaofika Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini, huenda kwa mtindo mmoja. Basi linawashusha, wanapanga foleni mbele ya lile bango la mbao lenye jina la rasi, wanapiga picha, wanapanda hadi kwenye mnara wa taa, wanashuka, wanaondoka. Nimefika huko zaidi ya mara moja na kila nikiwaona nasikitika, maana wamelipa kiingilio cha siku nzima na wanaondoka hawajaiona rasi yenyewe. Pale panataka kutembea kwa miguu. Na kabla hujafunga kamba za viatu, uliza kwanza upepo unatoka wapi, kwa sababu ndio unaoamua upite njia ipi, uone wanyama gani, na hata kama huo mnara utauona au utapotelea kwenye mawingu.

Tuweke majina sawa kwanza. Eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa gari kusini mwa Cape Town. Cape Point ni lile jabali refu lenye minara ya taa. Rasi ya Tumaini Jema ni ncha ya mawe iliyo chini, upande wa magharibi wa jabali hilo, na ndiko liliko bango. Ukiambiwa kwamba hapo ndipo mwisho wa Afrika upande wa kusini, usikubali. Hapo ni kona ya kusini-magharibi ya bara. Ncha ya kusini kabisa ni Agulhas, kilomita 150 hivi kuelekea kusini-mashariki, na ndiko unakohesabiwa rasmi mpaka wa Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Hindi.

Sasa upepo. Wanaozijua kusi na kaskazi wataelewa haraka, kwani huko nako kuna pepo mbili zinazopokezana mwaka. Kiangazi, kuanzia Novemba hadi Februari na pengine kupita hapo, huvuma upepo wa kusini-mashariki, na ukishaanza unaweza kukaa siku kadhaa bila kupumzika. Wenyeji huuita Daktari wa Cape kwa imani kwamba unasafisha hewa ya mji. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, zamu inakuwa ya upepo wa kaskazini-magharibi, na huo huja na mvua. Kwa hiyo ukifungua utabiri wa hali ya hewa usiishie kwenye alama ya jua au ya wingu. Tazama upepo unatoka upande gani na una kasi gani. Ukitoka kusini-mashariki, ufuo wa Buffels Bay, ulio upande wa mashariki ndani ya ghuba ya False Bay, unaupokea usoni; ukitoka kaskazini-magharibi, upande huohuo wa ghuba unatulia na unaweza kukaa kwenye nyasi ukatazama maji kwa raha. Mimi nimechagua Septemba na Oktoba. Maua yamefunguka, nyangumi bado wapo, na upepo wa kiangazi haujashika kasi yake yote. Machi hadi Mei nako kuna siku nyingi za utulivu, ila maua ni machache na nyangumi hutawaona.

Upepo huo ndio uliowashinda wajenzi wa mnara wa kwanza. Waliujenga juu kabisa ya kilele, zaidi ya mita 230 kutoka usawa wa bahari, na taa yake ikawashwa mwaka 1860. Walidhani kadiri ilivyo juu ndivyo mabaharia watakavyoiona kutoka mbali. Kumbe hewa yenye unyevu ikisukumwa na upepo kwenye jabali hupanda, hupoa, na kugeuka wingu papo hapo kileleni. Usiku mwingi taa ilikuwa inawaka ndani ya wingu. Tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno iitwayo Lusitania, tofauti na ile ya Waingereza iliyozamishwa mwaka 1915, iligonga mwamba wa Bellows ulio mbele ya rasi. Baada ya hapo ukajengwa mnara mwingine chini zaidi, mita 87 tu juu ya maji, ukaanza kazi mwaka 1919, na ndio unaowaka hadi leo. Ukiukuta mnara wa juu umezama kwenye ukungu, usikasirike na siku yako. Simama hapo dakika chache ulitazame wingu likizaliwa: upande mmoja wa ukingo hewa ni safi kabisa, na hatua chache mbele yako weupe unatokea, unapita, unayeyuka upande wa pili.

Kuna gari la reli linalopandisha watu hadi karibu na mnara. Mwenye magoti mabovu alitumie bila haya. Wewe mwenye afya panda kwa miguu. Mteremko ni mkali lakini njia ni fupi na imesakafiwa. Hata hivyo matembezi ninayoyapendekeza kuliko yote ni yale ya kutoka maegesho ya Cape Point kwenda ilipo ncha ya Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mwendo wa polepole ni kama saa moja kwenda. Sehemu kubwa imejengwa kwa mbao ili miguu ya watu isikanyage mimea, na inapita juu ya majabali, bahari ikiwa chini kabisa upande wako wa kushoto. Katikati ya njia, ngazi za mbao zinateremka hadi ufuo wa Dias. Teremka. Ukiwa chini mchangani, jabali la Cape Point linasimama juu yako lote kwa pamoja, na mlio wa mawimbi unarudi kutoka ukutani mwake. Lakini usiogelee. Mkondo wa pale una nguvu ya kumbeba mtu mzima, na hakuna mlinzi wa waogeleaji.

Maji yenyewe upande wa Atlantiki ni ya baridi kali hata katikati ya kiangazi, na hapo pia tunarudi kwenye upepo. Wa kusini-mashariki unayasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina yanapanda kuziba nafasi. Yanapanda na virutubisho, na hivyo ndivyo vinavyolisha mwani mrefu unaoonekana ukiyumba chini ya mawimbi, samaki, sili, na mnandi wanaotaga kwenye kuta za majabali. Chukua darubini hata kama ni ndogo. Tazama kuta zile zilizopakwa weupe wa kinyesi cha ndege, uwangoje mnandi warudi kutoka baharini, wakiruka kwa mstari mmoja karibu kabisa na uso wa maji.

Mimea ya rasi inaitwa fynbos, na mgeni aliyezoea misitu anaweza kuidharau kwa kuwa wingi wake haufiki kiunoni. Naomba usiidharau. Udongo wa pale ni mchanga maskini, upepo haupumziki, na moto hupita kila baada ya miaka kadhaa, lakini ukanda huu wa Cape una takriban spishi 9,000 za mimea, na nyingi kati ya hizo hazioti kwingine popote duniani. Baadhi ya mbegu huchipua tu baada ya kuguswa na moshi. Nyingine huburutwa na sisimizi hadi mashimoni mwao, zikangoja humo ardhini mpaka moto upite. Asubuhi moja nilikaa karibu na kichaka cha protea kilichochanua, na ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu kupita mwili wake akatua juu ya ua. Ni ndege wa ukanda huu, anayeishi kwa kufyonza nekta ya protea. Upepo ulikuwa unampindua mkia mpaka juu ya kichwa, naye amekaza kucha kwenye petali, amezamisha mdomo, anainuka na paji la uso lenye chavua ya manjano, anazama tena. Nilikaa hapo mpaka akaondoka mwenyewe. Aliyekuja kwa ajili ya picha ya bango asingemwona.

Kuhusu wanyama wakubwa, usitarajie makundi. Majani ya fynbos hayana lishe ya kutosha kulisha makundi, kwa hiyo mnyama mmoja anahitaji eneo kubwa. Lakini pofu wapo, bontebok (aina ya swala) wapo, na pundamilia wa milimani wa Cape wapo pia. Ukimpata huyo wa mwisho, mkague vizuri: ana ngozi inayoning'inia kooni, tumbo lake ni jeupe bila mistari, na juu ya matako mistari yake inajipanga kama ngazi. Mbuni huwa anawashangaza watu kuliko wote, kwa sababu unaweza kumkuta anatembea kando ya bahari, povu la mawimbi nyuma yake. Mpe nafasi, hasa akiwa na vifaranga. Teke lake si la mchezo.

Kuna nyani pia, na hapo nitakuwa mkali kidogo. Usiwape chakula. Ni kosa kisheria, na adhabu yake halisi humwangukia nyani, kwa kuwa aliyezoea chakula cha watu huwa mkorofi na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Wanajua kufungua milango ya gari, kwa hiyo funga kwa ufunguo na upandishe vioo hata kama unashuka kwa dakika mbili. Usile nje ukiwaona karibu. Akikunyang'anya mfuko, mwachie, usivutane naye. Ukifuata hayo, utabaki na raha ya kuwatazama wakiishi maisha yao, na nyani wa rasi hii wana jambo la kipekee: maji yakitoka hushuka miambani kubandua kome na kuwala. Angalia ratiba ya kupwa na kujaa kabla hujaenda.

Nyangumi huingia ghuba ya False Bay kati ya Juni na Novemba kuzaa na kulea. Siku tulivu ni rahisi kuwaona kutoka juu. Siku ya upepo kila wimbi lililovunjika utadhani ni nyangumi, macho yatachoka bure.

Mwenye kupenda historia atafute misalaba miwili ya mawe, mmoja wa kumkumbuka baharia wa Kireno Bartolomeu Dias aliyepita mwaka 1488, mwingine wa kumkumbuka Vasco da Gama aliyezunguka rasi mwaka 1497 na mwaka uliofuata akafika Mombasa na Malindi. Misalaba hiyo ina kazi: baharia akiiona imejipanga katika mstari mmoja, anajua mstari huo unaelekea kwenye mwamba wa Whittle uliofichika chini ya maji ya ghuba. Dias mwenyewe alipotea baharini kwenye tufani karibu na rasi hiihii mwaka 1500.

Siku ambayo kilele hakipandiki kwa upepo, usirudi mjini. Nenda Olifantsbos, upande wa Atlantiki, ukatembee tambarare hadi kwenye mabaki ya meli ya Kimarekani Thomas T. Tucker iliyokwama mwaka 1942. Chuma chake kimelala ufuoni, kimekuwa na rangi ya kutu iliyokoza, na kwa kawaida hukutani na watu wengi.

Vaa jaketi la kukinga upepo hata kama asubuhi ni ya joto, viatu vyenye kushika mwamba, na kofia yenye kamba. Beba maji ya kutosha. Usisogelee kingo za majabali. Upepo wa pale huja kwa mikupuo, na kati ya mkupuo mmoja na mwingine mtu hujisahau. Kuanzia Oktoba hadi Machi lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Miezi mingine ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Uwe langoni linapofunguliwa. Mabasi huwa hayajafika, upepo mara nyingi haujaamka, na utaweza kwenda rasini na kurudi kabla jua halijawa kali. Mchana, ukiwa njiani kurudi, pitia Boulders karibu na Simon's Town ukawaone pengwini wa Afrika waliohamia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980.